Maswali na Majibu: Amerika Kabla Haijawa Marekani

Safari iliyopita niligusia kwa sentensi moja tu kwamba Marekani nayo iliwahi kuwa koloni. Sikutegemea kuletewa maswali mengi kiasi hiki. Nimechagua machache na kuyafupisha. Jambo moja nitangulize, maana karibu wote mmelikosea: hapakuwa na "Amerika ya kikoloni" moja. Tangu Waingereza walipotua Jamestown, Virginia, mwaka 1607, mpaka 1776, yalizuka makoloni yaliyofika 13, na kila moja lilikuwa na dini yake, sheria zake na ugomvi wake na jirani. Ukiniuliza "walikuwa wakifanyaje?" nami nitakuuliza: wa wapi?

Tumefundishwa kwamba Wapuritani walihama Uingereza kutafuta uhuru wa kuabudu. Mbona walipofika waliwafukuza wenye imani tofauti? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

Ulichofundishwa ni kweli, ila ni nusu. Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza waliotaka kulisafisha kanisa la taifa lao, walitafuta uhuru wa kuabudu kwa njia yao, basi. Kumpa mwingine uhuru huo hawakuahidi. Walipoanzisha koloni la Massachusetts Bay mwaka 1630, chini ya gavana wao John Winthrop, walijiona ni watu waliofunga agano na Mungu, mji mzima kwa pamoja, na dhambi ya mmoja ingeweza kuwaponza wote. Ukiwaza hivyo, mwenye mafundisho mengine hawi tena jirani mwenye maoni yake. Anakuwa mtu anayechezea kiberiti kwenye nyumba ya makuti. Kuanzia 1631 hata kura walipiga wanaume waliopokewa kanisani tu, na kupokewa si kubatizwa peke yake: ulisimama mbele ya waumini ukaeleza neema ilivyokugusa, nao wakakupima.

Kasisi kijana Roger Williams alisema serikali haina kazi na roho ya mtu. Akaongeza la pili lililowaudhi zaidi: kwamba mfalme hana haki ya kugawa ardhi ya wenyeji ambayo hakuinunua. Oktoba 1635 akahukumiwa kufukuzwa, na Januari akatoroka kwenye theluji kabla hawajamkamata na kumpakia meli ya kurudi Uingereza. Wenyeji, Wanarragansett, ndio waliompa ardhi alipoanzisha Providence, 1636, chimbuko la koloni la Rhode Island, ambako hakuna aliyelazimishwa kwenda kanisani wala kulipia kasisi.

Wakweka, Wakristo wajiitao Marafiki, yaliwapata makubwa zaidi. Sheria ya 1658 ilisema Mkweka akifukuzwa Massachusetts akirudi, ni kifo. Mary Dyer alirudi. Mwaka 1659 alipelekwa kwenye mti wa kunyongea pamoja na wenzake wawili, akashuhudia wakinyongwa, kisha yeye akasamehewa dakika ya mwisho na kuondolewa. Masika yaliyofuata akarudi tena Boston, na tarehe 1 Juni 1660 wakamnyonga. Leo sanamu yake imekaa mbele ya jengo la serikali ya jimbo hilohilo. Wasomaji wa Kenya, hao ndio Marafiki mnaowajua: mwaka 1902 wamisionari wao kutoka Marekani walifungua kituo Kaimosi, na sasa Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Ni kweli walipiga marufuku Krismasi? (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Massachusetts, ndiyo. Kuanzia 1659 mpaka 1681, ukishikwa umeacha kazi au umefanya karamu siku hiyo, faini shilingi tano. Hoja yao ilikuwa kwamba tarehe hiyo haimo kwenye Biblia, na tena Krismasi ya Uingereza enzi hizo ilijaa ulevi na vurugu za mitaani. Virginia, wenzao Waanglikana, yaani wa Kanisa la Uingereza, waliendelea kula na kucheza kama kawaida.

Wachawi wa Salem walichomwa moto wangapi? (Msomaji wa Iringa)

Hakuna. Kwa sheria ya Kiingereza uchawi ulikuwa jinai ya kunyongwa, na mwaka 1692 huko Salem, Massachusetts, walinyongwa 19, wanawake 14 na wanaume watano. Mzee Giles Corey, mwenye umri wa miaka kama 80, alikataa kujibu shtaka, wakamlaza na kumpangia mawe kifuani mpaka akakata roho. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani.

Kinachonishangaza mimi kila nikirudia kesi hizo ni hiki: aliyekiri uchawi na kushikilia kukiri kwake alipona, na aliyekana ndiye aliyenyongwa. Tituba, mtumwa wa nyumbani kwa kasisi Samuel Parris, alikiri mapema, akasimulia habari za shetani mpaka mahakama ikakaa kimya kumsikiliza, na akaishi. Wanawake waliokuwa waumini wa miaka mingi walikataa kusema uongo mbele ya Mungu, wakafa. Ushahidi wenyewe ulikuwa wa "kivuli": msichana anasema kivuli cha fulani kilimjia usiku kikamfinya, na fulani mwenyewe yuko kitandani kwake amelala. Utajiteteaje hapo? Mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alijuta. Mwaka 1697 alisimama kanisani mbele ya watu huku kasisi akisoma karatasi yake ya kukiri kosa. Wenzake hawakusimama.

Nani hasa alitawala, mfalme au wenyewe? (Msomaji wa Kampala)

Virginia ilianza kama mradi wa kampuni ya wanahisa wa London, na mwaka 1624 mfalme akaitwaa. Pennsylvania ilikuwa mali ya mtu: Mfalme Charles wa Pili alidaiwa pauni 16,000 na marehemu baba yake William Penn, na mwaka 1681 akalimaliza deni kwa kumkatia mtoto ardhi. Connecticut na Rhode Island walijichagulia gavana wao. Kufikia 1776 makoloni manane kati ya 13 yalikuwa na gavana wa kuteuliwa na mfalme.

Lakini kila penye gavana palikuwa na baraza la wawakilishi, na utamu wa habari uko hapo. Baraza la kwanza lilikutana kanisani Jamestown tarehe 30 Julai 1619, wajumbe 22, katika joto na homa. Mjumbe mmoja alifariki kikao kikiendelea, na tarehe 4 Agosti wakaahirisha. Miaka ilivyokwenda mabaraza haya yakashika mfuko wa fedha. Gavana alitembea na barua ya mfalme, ila mshahara wake ulipigiwa kura na watu wa palepale. William Burnet alipoletwa Massachusetts mwaka 1728 alidai mshahara wa kudumu, pauni 1,000 kwa mwaka. Wakamjibu kwamba fedha watampa, lakini kama zawadi ya mara hii, ya mara nyingine tutaona. Akahamisha kikao kutoka Boston hadi Salem ili awakomoe. Wakahamia Salem, wakaendelea kukataa hukohuko. Mwaka uliofuata Burnet akafariki, na ugomvi uko palepale.

Mpiga kura naye alikuwa mwanamume mwenye ardhi au mali ya kiwango fulani. Virginia hapakuwa na kura ya siri. Ulisogea mbele ya meza aliyokaa sherifu, mkuu wa usalama wa wilaya, wagombea wakiwa wameketi pembeni, ukataja kwa sauti unayemtaka, na uliyemtaja akakuinamia na kukushukuru. Jirani yako anayekudai fedha yuko hapo anasikia.

Na takrima ilikuwepo, tena ya kumwaga. Sheria iliikataza, na kila mtu aliitoa. George Washington aligombea ubunge wa Virginia wilaya ya Frederick mwaka 1755 akaanguka vibaya. Mwaka 1758 aligombea tena, na safari hii yeye mwenyewe alikuwa vitani mpakani, hakufika hata siku ya kura. Marafiki zake walinunua galoni 160 za ramu, panchi, mvinyo, bia na sida (kileo cha tufaha), yaani kama lita 600, kwa wapiga kura wasiofika 400. Alishinda. Barua aliyowaandikia baadaye haikulalamikia gharama. Alisema hofu yake ni kwamba huenda walitumia kwa mkono mfupi, na kwamba anatumaini hata waliompinga walinyweshwa sawa na wengine.

Wanawake walikuwa na sauti yoyote? (Msomaji, hakutaja alipo)

Mke wa mtu, kisheria, alifunikwa na mumewe: mali, mkataba, kesi, vyote kwa jina la mume. Mjane na asiyeolewa ndio waliomiliki kwa jina lao. Margaret Brent wa Maryland, asiyeolewa na mwenye mashamba, aliingia barazani Januari 1648 akaomba kura mbili, moja yake kama mwenye ardhi na moja kama wakili wa bwana mwenye koloni. Gavana akamnyima zote. Brent akaacha tamko kwamba basi hatambui lolote litakalopitishwa na kikao hicho. Ningelipa nauli kuona sura za wale wanaume.

Nimesikia makasisi walilipwa kwa tumbaku. Ni utani? (Mkulima, Urambo)

Wewe wa Urambo hukupaswa kushangaa. Virginia, tumbaku ndiyo iliyokuwa fedha. Sheria ya 1696 ilimpangia kila kasisi wa Kianglikana ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka, zaidi ya tani saba, zikikusanywa kama kodi kwa waumini na wasio waumini. Kulikuwa na mbegu mbili kubwa, ile ya harufu tamu iliyokuwa na bei, na Oronoco ya bei ya chini. Parokia zilizolima ya harufu tamu zilipata makasisi wazuri, na zile nyingine zikapata waliobaki. Askofu hakuwepo hata mmoja Amerika nzima, hivyo aliyetaka upadirisho alivuka bahari mpaka Uingereza. Wenye kanisa kwa hakika walikuwa baraza la wazee wa parokia, matajiri wa mashamba, na walijua namna ya kumkalia kasisi kooni.

Nilisoma kwamba Waafrika wa kwanza Virginia walikuwa vibarua wa mkataba, si watumwa. Ni kweli? Na kuna waliotoka upande wetu? (Msomaji wa Lubumbashi)

Walioletwa mwishoni mwa Agosti 1619, majuma machache baada ya lile baraza kuahirishwa, walikuwa "ishirini na ushee". Walitekwa Angola, wakapakiwa meli ya Wareno Luanda kupelekwa Mexico. Meli ya maharamia wa Kiingereza, White Lion, ikawapora njiani na kuwabadilisha kwa chakula pale Point Comfort. Wengi wao walitoka pande za ufalme wa Ndongo, wasemaji wa Kimbundu, lugha ambayo mtu ni *mutu*. Kwa hiyo ndugu yangu wa Lubumbashi, neno hilo lilifika Virginia mwaka mmoja kabla ya Mayflower, ile meli maarufu ya walowezi wa kwanza wa Kiingereza wa New England, kaskazini.

Walinunuliwa. Mkataba hawakuwa nao. Waliokuwa na mkataba ni vibarua wa Kizungu, manamba wa enzi hizo, waliouza miaka minne hadi saba ya nguvu zao kwa nauli ya meli. Ila ni kweli pia kwamba sheria ilikuwa bado haijakaza kamba, na miaka ya mwanzo wapo Waafrika waliopenya. Antonio, aliyeletwa 1621, alijikomboa, akajiita Anthony Johnson, na mwaka 1651 alipewa ekari 250. Mjukuu wake alinunua shamba Maryland mwaka 1677 akaliita Angola. Watu hawasahau upesi hivyo.

Kamba ilikazwa fundo kwa fundo, na mafundo yenyewe yameandikwa. Mwaka 1640 vibarua watatu walitoroka pamoja wakakamatwa. Wazungu wawili wakaongezewa miaka minne. Wa tatu, John Punch, mweusi, akahukumiwa utumishi wa maisha. Mwaka 1656 Elizabeth Key, mama yake Mwafrika na baba yake Mwingereza tena mjumbe wa baraza, alishitaki adai uhuru wake. Hoja zake zilikuwa mbili: kwa sheria ya Kiingereza mtoto hufuata baba, na yeye ni Mkristo aliyebatizwa. Akashinda. Wenye mashamba wakaisoma hukumu hiyo vizuri kuliko sisi. Mwaka 1662 Virginia ikatunga sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Mwaka 1667 ikatunga nyingine, kwamba ubatizo haumweki mtumwa huru. Milango miwili aliyopitia Elizabeth, yote ikapigwa komeo. Na hiyo ya kwanza iangalie tena: bwana akimzalisha mtumwa wake, mtoto si aibu yake tena, ni mali yake.

Kuhusu upande wetu: wengi mno walitoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Kwa Bahari ya Hindi, waliopelekwa enzi hizo walitoka hasa Madagaska. Miaka ya 1690 tajiri wa New York, Frederick Philipse, alituma meli huko kubadilishana bidhaa na maharamia na kurudi na watu.

Kulikuwa na Waislamu makoloni hayo? (Msomaji wa Unguja, aliyeko Muscat)

Walikuwepo, na mmoja tunamjua kwa jina la baba na la babu: Ayuba bin Suleiman bin Ibrahim, wa ukoo wa Diallo, Mfulani wa Bundu, sehemu ambayo leo ni Senegal. Baba yake alikuwa imamu.

Sitakupambia. Mwaka 1730 Ayuba alitumwa na baba yake mto Gambia kununua karatasi na kuuza watu wawili. Hakuelewana bei na nahodha Mwingereza, akavuka mto ingawa baba alimkataza, akawauza kwingine kwa ng'ombe. Akirudi, amepumzika na silaha zake ametundika, Wamandinka wakamvamia. Wakamnyoa kichwa na ndevu ili aonekane mateka wa vita, jambo lililomchoma, anasema, kuliko kufungwa. Kisha wakamuuza kwa nahodha yuleyule.

Alishushwa Annapolis, Maryland, akauzwa Kent Island kulima tumbaku. Kazi ikamshinda, akapewa ng'ombe kuchunga. Akawa anaingia porini kuswali. Kuna mtoto wa Kizungu alimfuatia huko, akamcheka, na akiwa kwenye sala akawa anamrushia udongo usoni. Lugha ya kumshitakia hana. Akatoroka, akakamatwa, akawekwa gerezani kwenye mahakama ya wilaya.

Hapo ndipo walipomletea mvinyo akaukataa. Wakampa karatasi, akaandika mstari mmoja au miwili, akausoma kwa sauti, na katika sauti hizo wakasikia Allah na Muhammad. Thomas Bluett, mwanasheria aliyekuwepo, alianza kuelewa kwamba aliyeketi mbele yake ni msomi. Mtumwa mzee aliyejua Kiwolofu, lugha ya pande za Senegal, akapatikana kutafsiri. Ayuba alimwandikia baba yake barua kwa Kiarabu kumweleza alipo. Barua haikuvuka hadi Afrika. Ilikwama London, ikaangukia mikononi mwa James Oglethorpe, naye akaipeleka Oxford isomwe, kisha akatoa dhamana ya kumkomboa.

Ayuba alifika London mwaka 1733, na akaandika Qurani nzima mara tatu kwa hifdhi, bila msahafu wa kunakili. Akachorwa picha akiwa na kilemba na kitabu chake shingoni, akapelekwa kwa malkia, na mwaka 1734 akarudi Gambia. Oglethorpe aliyemkomboa alikuwa naibu gavana wa kampuni ya kifalme ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watu pwani ya Afrika. Mwaka uliofuata koloni alilolianzisha, Georgia, lilipiga marufuku utumwa, na marufuku hayo yakadumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1750. Watu wale hawasomeki kirahisi.

Ayuba alirudi kwa sababu aliandika, na akapatikana wa kumsomea. Mzee aliyetafsiri Kiwolofu alibaki Maryland, na jina lake hakuna aliyeliandika.

Walikula nini? (Msomaji wa Moshi)

Makande! Waingereza walijifunza kwa wenyeji kupika mahindi na maharage chungu kimoja, na jina lenyewe la chakula hicho walilichukua kwenye lugha ya Wanarragansett. Unga wa mahindi walisonga kitu laini kati ya uji na ugali, wakala na maziwa au na asali ya miwa. Ngano iliwasumbua sana New England kwa kutu ya mimea, kwa hiyo mkate wa kila siku ulikuwa wa rai (nafaka jamii ya ngano) na mahindi vikichanganywa. Wenyeji walipanda mahindi, maharage na maboga shimo moja: maharage yakapanda kwenye bua, na majani ya boga yakafunika udongo usikauke. Bibi yako huko Moshi hahitaji kufundishwa.

Mahindi yetu yenyewe asili yake ni Amerika, yakaletwa Afrika na Wareno. Sisi tukayapa jina la Uhindini. Waingereza wa makoloni nao waliyaita nafaka ya Wahindi, kwa kuwa Columbus alidhani amefika India na jina likabaki kwa wenyeji.